WASHABIKI WA VITA NA MZIGO WA MPAGAZI
Mafunzo ya Kilwa na Pwani ya Lindi, 1905–1974

Katika kila vita vinavyoelekea kushindwa hutokea kundi la watu ambao kazi yao si kupigana bali ni kudai wengine wapigane zaidi. Watu hao hawaonekani mstari wa mbele. Huonekana katika ofisi za magazeti, katika kumbi za mihadhara, katika mabunge na katika mikutano ya wenye makampuni. Vita vikienda vizuri, husema: ongezeni nguvu ili tumalize. Vikienda vibaya, husema: tumekwama kwa sababu nguvu haikutosha, basi ongezeni. Jibu lao ni moja tu, swali libadilike namna gani.

Makala haya yanakusudia kulichambua kundi hilo kwa kutumia historia ya sehemu moja ya nchi yetu, yaani Kilwa na pwani ya Lindi pamoja na bara yake mpaka Liwale, Nachingwea na mto Ruvuma. Sehemu hii inafaa kwa somo hili. Kati ya 1905 na 1974, muda usiofika miaka sabini, wananchi wake waliona vita vitatu vikubwa vikiongezwa moto na watu waliokaa mbali: Berlin, London na Lisbon. Kada anayetaka kuielewa nadharia ya ubeberu hana haja ya kuanza na vitabu vya ng'ambo. Aanze Umatumbi.

1. PAMBA YA NANDETE NA UCHAGUZI WA BERLIN

Mwishoni mwa Julai 1905 wananchi wa Nandete, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba ya serikali. Pamba hiyo walilazimishwa kuilima kwa amri, na malipo yake hayakuwa na maana. Mkoloni alidhani ni fujo ya siku chache. Tarehe 4 Agosti akamnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro, akifikiri amekata mzizi. Kumbe mzizi haukuwa mtu mmoja. Mzizi ulikuwa kodi, kazi ya shuruti na viboko. Mwezi huo huo wa Agosti boma la Liwale likaanguka, Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa karibu na Liwale, na misheni ya Nyangao katika bara ya Lindi ikashambuliwa. Gavana von Götzen akalazimika kuomba manowari na askari wa bahari kutoka Ujerumani.

Ilipodhihirika kwamba bunduki peke yake haiwezi kuwatiisha wananchi waliotawanyika msituni, maofisa wa Kijerumani waligeukia silaha nyingine. Waliandika waziwazi katika taarifa zao kwamba ni njaa tu itakayomaliza vita. Vikosi vikaanza kuchoma vijiji, kuteketeza maghala na kuharibu mazao yaliyokuwa mashambani. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wetu G. C. K. Gwassa, aliyefanya utafiti miongoni mwa wazee wa huko huko, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa. Kwa upande wa mkoloni, Wazungu waliokufa vitani walikuwa 15.

Sasa tuvuke bahari tuone yaliyokuwa yakisemwa Berlin. Wakati huo Ujerumani ilikuwa na vita vingine Kusini-Magharibi ya Afrika, nchi ambayo leo ni Namibia. Vita hivyo vilikuwa vimekula fedha nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Desemba 1906 serikali iliomba bungeni nyongeza ya mamilioni ya fedha. Wabunge wa chama cha wafanyakazi cha Social Democrat pamoja na wale wa chama cha Wakatoliki waliikataa, na tarehe 13 Desemba Chansela von Bülow akalivunja bunge. Katika kampeni iliyofuata, maprofesa, wenye makampuni na vyama vya wapenda makoloni waliungana kuwahubiria wananchi wao kwamba anayekataa fedha za vita ni msaliti wa taifa. Profesa Gustav Schmoller, mchumi mwenye sifa kubwa katika nchi ile, aliongoza kamati iliyoundwa mahususi kuyatetea makoloni katika uchaguzi huo.

Matokeo ya Januari 1907 yanafundisha. Kura za Social Democrat ziliongezeka, lakini kwa sababu ya muungano wa vyama vya mabepari viti vyake vilianguka kutoka 81 hadi 43. Washabiki wa vita wakashangilia. Katika kipindi kile kile, huku kwetu, mabaki ya wapiganaji wa Liwale na Umatumbi yalikuwa yakiwindwa msituni na watoto walikuwa wakila mizizi. Hakuna hata mmoja katika waliokuwa wakipiga makofi ukumbini ambaye angeweza kuonyesha Nandete iko wapi katika ramani.

Hata baada ya vita, sauti hiyo haikunyamaza. Gavana mpya, von Rechenberg, aliona kwamba ukatili na shuruti ndivyo vilivyozaa vita, akataka kumpa mkulima mdogo nafasi ya kuuza mazao yake. Hakufanya hivyo kwa kuwapenda Waafrika. Alifanya hesabu ya gharama. Lakini gazeti la walowezi la Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilimshambulia bila kupumzika. Kwa walowezi, maiti zile zote hazikuwa na funzo lolote isipokuwa moja: kwamba mkono wa chuma ulegezwapo, Mwafrika huharibika.

2. "VITA VIMEKWISHA": KILWA NA LINDI, 1917

Vita vya pili havikuwa vyetu kabisa. Vilikuwa vita vya mabeberu wawili kugombea mali isiyo yao, lakini vilipiganwa juu ya mgongo wa mwananchi.

Septemba 1916 Waingereza waliteka bandari za Kilwa na Lindi. Januari 1917 Jenerali Smuts, kamanda wao mkuu, aliondoka kwenda London akiacha habari kwamba kazi imekaribia kwisha na kilichobaki ni kufagia. Muda si muda akaingizwa katika Baraza la Vita la Uingereza, akawa mtu wa kusikilizwa kuhusu mambo ya vita ulimwenguni. Aliyemrithi, Jenerali Hoskins, alikuta hali halisi tofauti. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno, Rufiji ilifurika, askari walikuwa wagonjwa na wapagazi walikuwa wakifa kwa njaa na kuhara. Hoskins alisema kweli: aliomba muda, magari na wapagazi zaidi ili jeshi lijengwe upya. London haikupenda habari hizo. Je, vita vilivyokwisha vinahitajije muda? Kabla ya Mei kwisha Hoskins akaondolewa, akawekwa van Deventer. Aliyesema vita vimekwisha alipandishwa cheo. Aliyesema havijaisha alifukuzwa.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mzee wa bara ya Lindi. Julai 19, 1917 walipigana Narung'ombe, kusini-magharibi ya Kilwa. Kisha kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba wakapigana Mahiwa, karibu na Nyangao, katika njia ya Lindi kwenda Masasi. Huko, katika jeshi la Waingereza la watu wapatao 4,900, zaidi ya nusu waliuawa au kujeruhiwa. Nao walikuwa nani? Walikuwa Wanijeria, askari wa King's African Rifles, Wahindi. Na waliowapiga upande wa pili walikuwa nani? Wengi walikuwa askari Waafrika wa Mjerumani. Mnyonge alimwua mnyonge kwa siku nne, na mwisho wake majenerali wote wawili wakaandika kwamba wameshinda.

Lettow-Vorbeck naye alikuwa na washabiki wake. Novemba 1917 serikali ya Ujerumani ilirusha chombo kikubwa cha angani, Zeppelin L59, kutoka Bulgaria, kikiwa na tani 15 za risasi, dawa na vifaa vingine ili vita virefushwe. Kilifika juu ya anga ya Sudani kikarudishwa. Siku kile chombo kinatua Bulgaria, tarehe 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na watu wake wachache waliobakia. Alisalimu amri mwaka mmoja kamili baadaye, huko Mbala. Aliporudi Berlin mwaka 1919 alipokelewa kwa gwaride.

Mpagazi hakufanyiwa gwaride. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia 100,000. Upande wa Wajerumani wapagazi wengi hawakuandikwa hata majina, kwa hiyo hata kifo chao hakikuhesabiwa. Kumbukumbu yao kubwa katika nchi yetu ni jina la soko, Kariakoo, ambalo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Maelfu hupita pale kila siku kununua vitu bila kujua kwamba wanataja jina la jeshi la watu waliokufa wakiwa wamebeba mizigo ya wengine.

3. NACHINGWEA NA "FUNDO LA GORDIO"

Vita vya tatu vilikuwa vya ukombozi, na safari hii pwani ya Lindi haikuwa uwanja wa mapigano bali nyuma ya mapigano. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, ilianza mapambano ya silaha Septemba 25, 1964. Nachingwea, katika mkoa ambao leo unaitwa Lindi, ikawa mahali pa kuwafunza wapiganaji wake.

Mahali penyewe pana historia. Nachingwea ndipo Waingereza walipomwaga fedha za mradi wa karanga baada ya 1947. Udongo ulikataa, mvua ikakataa, matrekta yakavunjika. Wakubwa wa London wakajibu kwa kuongeza fedha, mpaka mwaka 1951 walipouacha mradi baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Tunautaja mradi huu kuonyesha kwamba ugonjwa tunaouchambua hauhusu bunduki tu. Ni namna ya kufikiri ya tabaka linalotumia jasho la wengine.

Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alishika uongozi wa majeshi ya Kireno Msumbiji. Kabla ya hapo alikuwa mhadhiri wa mikakati katika chuo cha juu cha jeshi huko Lisbon. Aliamini kwamba vita vilikuwa vikisuasua kwa sababu viliendeshwa kwa nguvu ndogo. Julai 1 mwaka huo akaanzisha operesheni aliyoiita Fundo la Gordio katika nchi ya Wamakonde. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni askari 35,000, pamoja na ndege, helikopta na mizinga. Vituo vikubwa vya FRELIMO vilitekwa, na Lisbon ikatangaza ushindi.

Lakini walichoteka ni nini? Waliteka mahandaki na vibanda. FRELIMO haikung'ang'ania vituo. Ilijigawa na kuendelea kupita huku na huku, na wakati Mreno amelundika nguvu zake kaskazini, mapambano yalipanuka Tete, yakavuka Zambezi, na kufikia 1972 yakaingia Manica na Sofala. Kadiri fundo lilivyokatwa huku, ndivyo kamba ilivyozidi kurefuka kule. Wananchi wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa kwa senyenge. Desemba 16, 1972 askari wa Kireno waliua wananchi wa Wiriyamu, na habari hizo zilipotoka katika gazeti la The Times la London Julai 1973 ulimwengu ukaona sura halisi ya "ushindi" ule. Mwaka huo huo Kaúlza akarudishwa kwao.

Hapa ndipo somo letu linapokomaa. Mwanzoni mwa Juni 1973 washabiki wa vita wa Ureno walifanya mkutano mkubwa mjini Porto wakiuita mkutano wa wapiganaji wa ng'ambo. Madai yao yalikuwa yale yale: tusonge mbele, tusirudi nyuma. Maofisa wapatao 400 waliokuwa jeshini, watu walioijua Msumbiji, Angola na Guinea kwa miguu yao, wakatia saini kuukataa mkutano huo: wakasema hauwasemei wao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aprili 25, 1974 jeshi hilo hilo likaupindua utawala wa Caetano. Septemba 7 mkataba ukatiwa saini Lusaka, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru.

4. JE, UGONJWA HUU NI WA MABEBERU PEKE YAO?

Kama tukiishia hapo, makala haya yatapendeza lakini hayatakuwa ya kweli yote. Kada hasomi historia ili ajisifu, bali apate kujikosoa. Turudi 1905.

Dawa ya maji ilifanya kazi kubwa. Iliwaunganisha watu ambao mkoloni aliwaona kuwa makabila yasiyoweza kukaa pamoja, ikawaondolea hofu. Hilo tunaliheshimu na hatutaliacha kuliheshimu. Lakini Agosti 30, 1905 maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge wakiwa wameahidiwa kuwa risasi zitageuka maji. Bombomu ziliwafyeka. Baada ya hapo maelezo gani yalitolewa? Palikuwa na waliosema kwamba waliokufa walivunja miiko. Yaani dawa ni safi, mwenye kosa ni maiti. Basi pakeni tena, mwende tena.

Tuulinganishe usemi huo na ule wa wakubwa wa London na Lisbon. Mmoja alizungumza lugha ya miiko, mwingine lugha ya mikakati. Lakini muundo wa hoja ni mmoja: kushindwa hakuruhusiwi kuthibitisha chochote isipokuwa haja ya kuendelea vile vile. Sikio la kufa halisikii dawa, na hapa dawa yenyewe ndiyo iliyoziba sikio. Walioelewa mapema walibadili njia. Abdalla Mapanda wa Liwale na wenzake waliacha kuyashambulia maboma ana kwa ana, wakapigana vita vya kuvizia msituni mpaka mwanzoni mwa 1907. Walishindwa na njaa ya mkoloni, lakini hawakushindwa kufikiri.

Tofauti iko wapi basi? Mpiganaji wa Mahenge alikuwa akipigania nchi yake na alilipa kwa mwili wake mwenyewe. Mshabiki wa Berlin alikuwa akipigania faida na alilipa kwa mwili wa mtu mwingine. Tofauti hiyo ni kubwa na ndiyo inayotofautisha vita vya haki na vita vya dhuluma. Lakini haki ya vita haimwondolei kiongozi wajibu wa kusema kweli juu ya mwenendo wake. Kwa hakika inauongeza, kwa maana anaowatuma ni ndugu zake.

5. PINGAMIZI MBILI

Msomaji makini anaweza kuuliza: je, Mjerumani hakushinda 1907 kwa kuongeza nguvu? Mbona mnasema kuongeza nguvu hakufai?

Hatusemi hivyo. Kwa kipimo cha kijeshi alishinda. Lakini alishinda nini? Alitaka pamba, akapata majivu. Alitaka wafanyakazi, akapata makaburi. Sehemu kubwa za bara ya Kilwa na Liwale zilipoteza watu, pori na mbung'o vikaingia mahali palipokuwa mashamba, na baadaye nchi pana ya huko ikageuzwa hifadhi ya wanyama. Dola ya Wajerumani ilidumu hapa miaka kama kumi tu baada ya ushindi huo. Mshabiki wa vita huhesabu siku ya ushindi. Hahesabu kizazi kinachofuata.

Pingamizi ya pili ni hii: FRELIMO nayo ilipigana miaka kumi, ikakataa kukata tamaa. Je, nayo ilikuwa na washabiki wa vita? Hapana. Uvumilivu wa mapambano si sawa na ukaidi. FRELIMO iliposhindwa mahali ilichunguza, ikabadili mbinu na uwanja. Viongozi wake waliishi Nachingwea na ndani ya Msumbiji, si katika kumbi za mihadhara. Walipokosea, wananchi waliowabebea risasi walikuwa na njia ya kuwaambia. Pale ambapo mpagazi anaweza kusema na kamanda akasikia, ukaidi haukui.

6. MASWALI MATATU YA KADA

Kutokana na historia hii tunapata maswali matatu ya kumwuliza mtu yeyote anayedai vita viongezwe, awe profesa, mwandishi, mbunge au mwenzetu katika tawi.

Kwanza: nani atabeba mzigo? Ikiwa anayedai hatabeba wala mwanawe hatabeba, maneno yake yapimwe kwa mizani nzito zaidi.

Pili: ni jambo gani likitokea utakubali kwamba njia hii imeshindwa? Asiyeweza kulitaja jambo hilo hana mkakati. Ana imani ya maji bila ujasiri wa Mahenge.

Tatu: ni nani ambao hawamo katika hesabu yako? Mwaka 1907 hawakuhesabiwa waliokufa kwa njaa. Mwaka 1917 hawakuhesabiwa wapagazi. Kila hesabu ya ushindi ina ukurasa uliochanwa, na kazi ya kada ni kuutafuta ukurasa huo.

Maswali haya si ya makumbusho. Oktoba 2017 vita vilizuka Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ile ile aliyoikata Kaúlza kwa fundo lake. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilishambuliwa na nyumba zikachomwa. Nchi ina wajibu wa kumlinda mwananchi wake, na hilo halina mjadala. Lakini jinsi ya kumlinda ni jambo la kufikiriwa na watu wanaomsikiliza mwanakijiji wa Kitaya, si wanaomsemea wakiwa mbali naye. Aliyepoteza nyumba anajua mambo juu ya vita hivyo ambayo hayamo katika ramani.

Katika shule zetu za itikadi tumezoea kufundisha majina ya mashujaa wa Maji Maji, na ni sawa. Tuongeze somo moja. Mwanafunzi apewe jina la Hoskins, jenerali wa beberu asiye shujaa wetu hata kidogo, aulizwe kwa nini alifukuzwa kazi. Akijibu kwamba alifukuzwa kwa kutaja mvua na njaa ya wapagazi mbele ya wakubwa waliokwisha kutangaza ushindi, basi aulizwe swali la mwisho: katika tawi lako, mwenye kutaja mvua hufanywa nini?